Miji dada na halmashauri zetu: msaada wa maendeleo au safari za madiwani?

Kibarua wa Jiji
Wadau, picha ni zilezile: meya wetu na meya wa Kizungu wameshika mkataba, wapambe nyuma yao wanapiga makofi. Dar na Hamburg ya Ujerumani tangu 2010. Mwanza na Würzburg, nayo ya Ujerumani, tangu 1966, halafu Tampere ya Finland nayo ikaja 1988. Nauliza hivi: huu ni msaada wa maendeleo kweli, au ni njia ya kuwapandisha madiwani ndege na kuwalipa posho? Mwenye mfano wa kitu kilichobaki baada ya wageni kuondoka aulete. Picha za semina sitaki.

Kashasha
Posho umeiweka mwishoni wakati ndiyo kichwa cha habari.

Msukuma Halisi
Naona Mwanza imetajwa ya pili. 1966 hata Azimio la Arusha lilikuwa bado, sisi tayari tuna ndugu Ulaya. Dar mmeamka 2010 halafu mnataka kuongoza mjadala. Haya, endeleeni.

Valvu
Mleta mada, nimekaa na wageni wa aina hii kazini, nitajibu kwa kirefu kidogo.

Uzuri wao ni kwamba anayekuja si mshauri wa kulipwa kwa siku. Ni mtu wa taka anakuja kwa mtu wa taka, fundi maji kwa fundi maji. Humwelezi pampu kufa usiku wa manane ni nini, keshaamshwa nayo kwao. Mfano unaoutaka ni kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni: taka za masokoni zinaoza kwa utaratibu badala ya kwenda dampo. Hamburg walikuwemo, ila fedha zilitoka wizara ya mazingira ya Ujerumani. Watu wengi hawalijui hilo. Mji wa kule unaleta watu na ujuzi, hela kubwa ni ya serikali yao kuu. Wana mfuko unaobeba hadi asilimia 90 ya gharama za mradi wa mji wao na mji wa nje. Ufaransa wana njia nyingine. Kwa sheria yao ya 2005, mji unaruhusiwa kutenga hadi asilimia 1 ya bajeti ya maji na majitaka kusaidia nchi nyingine, yaani anayelipa ankara ya maji kule anachangia bomba la mtu asiyemjua. Mimi hiyo ya Ufaransa ndiyo naipenda, haisubiri waziri aamke vizuri.

Ugonjwa uko kwetu. Kule maji, taka, zimamoto na barabara za mitaa kwa kawaida viko chini ya mji. Huku maji yana mamlaka zake, barabara ni TARURA, wakala wa serikali kuu, tangu 2017, zimamoto ni Wizara ya Mambo ya Ndani, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Mgeni anasaini na halmashauri, na halmashauri imebakiwa na taka. Ndiyo maana mnaona mboji! Juu ya hayo, Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Sasa ule urafiki wa 2010 umerithiwa na nani? Kinondoni? Ilala? Nani anajibu barua pepe?

Mzee wa Mizigo
Valvu, umeandika kama mtu mzima. Mjerumani ana utaratibu, hilo halina ubishi. Reli ya kati ni yake, majengo yake mjini yamesimama hadi leo, ya kwetu yanavuja kabla ya kuzinduliwa. Watu hao si wa kuwahoji, ni wa kuwasikiliza tu.

Binti Pangani
"Wa kuwasikiliza tu"? Shikamoo mzee, ila hapo umenikanyaga kidonda. Reli ilijengwa kubeba mali kwenda pwani, si kukupeleka wewe kusalimia ndugu. Kwetu Pangani ndiko Wajerumani walikomnyonga Bushiri aliyewapinga kwa vita, Desemba 1889. Aliyetumwa kumzima ni Wissmann, ofisa wao wa kijeshi. Akafa akajengewa sanamu, na sanamu yenyewe wakatusimamishia hapohapo Dar.

Kashasha
Si ndiyo ile ya Askari pale mjini? Nilisikia ilikuwa ya Mjerumani wakaibadilisha sura.

Binti Pangani
Hapana. Ile ya Askari ni ya Waingereza, 1927. Ya Wissmann ilisimamishwa 1909, Waingereza wakaichukua kama nyara ya vita. Mnajua iliishia wapi? Hamburg! Ikawekwa penye chuo kikuu chao mpaka wanafunzi wakaiangusha 1968. Mji dada huohuo mnaousifia mboji. Wanafunzi wa Kijerumani walichoka kumtazama, sisi huku bado tunaambiwa tusikilize tu.

Kashasha
Basi mbadilishano ulianza zamani. Walitupa sanamu, ikarudi kwao, sasa wametupa mboji.

Mzee wa Mizigo
Marahaba. Umesoma, binti yangu, nakupongeza. Lakini sanamu haizoi taka. Ninyi vijana mkipewa koleo mnauliza babu yake aliyelifua alikuwa nani.

Binti Pangani
Na ninyi mkipewa koleo mnapiga magoti kwanza. Sikusema tukatae mradi. Nimesema tusikae mezani kama watu waliookotwa njiani.

Mzee wa Mizigo
Magoti? Mimi nimebeba magunia bandarini kabla hujazaliwa, sijampigia mtu goti. Chunga ulimi.

Msukuma Halisi
Mzee yuko sahihi kuhusu majengo lakini.

Mtu wa Old Moshi
Nilikuwa nasoma kimya, sasa mmefika kwangu. Mangi Meli, mtawala wetu Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, na kichwa chake hadi leo ukoo unakitafuta. 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu waliyonayo vimelingana na vya watu walio hai hapa Tanzania. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani akaja Songea akaomba msamaha kwa waliyoyafanya enzi za ukoloni. Vizuri. Sasa Moshi yetu ina mkataba na Tübingen ya Ujerumani tangu 2014. Kwa nini jambo hili lisiwe kwenye ajenda ya miji? Marais wanakutana siku moja wanaagana. Watu wa miji wanaonana kila mara.

Kashasha
Diwani wa kata yangu akabidhiwe fuvu la Mangi? Mtu aliyeshindwa kuweka kalvati?

Mtu wa Old Moshi
Kashasha, kuna mambo ya kutaniwa na kuna makaburi. Huyo ni babu wa watu.

Kibarua wa Jiji
Tupoe jamani. Kwa hiyo naona tunakubaliana kwamba swali ni hili: tukikaa na miji hii mezani, tudai nini?

Kashasha
Nani kakubaliana? Swali lako lilikuwa posho. Au na wewe umepata mwaliko?

Kibarua wa Jiji
Mwaliko wa wapi, hata pasi ya kusafiria sina! Na mtu asiyejua kutofautisha sanamu mbili asinifundishe mada yangu.

Valvu
Kurasa zote hizi na hakuna aliyegusa suala la halmashauri. Dai fuvu, dai mboji, dai fidia, utamdai kupitia nani? Mkurugenzi anaweza kuhamishwa kesho asubuhi akaenda na faili kichwani. Mji wa Ujerumani unatunza kumbukumbu za kila kikao, sisi kila uteuzi mpya tunaanza na utambulisho. Binti Pangani anataka tukae mezani kama wenye nyumba. Sawa, mwenye nyumba ni nani? Wa TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, wa TARURA, wa mamlaka ya maji, au diwani?

Mzee wa Mizigo
Hilo la wakurugenzi kuteuliwa na Rais ni siasa. Usituletee siasa kwenye mada ya maendeleo.

Binti Pangani
Mzee, leo kwa mara ya kwanza niko upande wa Valvu, na ni kwa sababu yako.

Msukuma Halisi
Mwanza hatuna matatizo hayo.

Valvu
Msukuma, TARURA ya Mwanza ni ya nani?