Kuchomeka mbegu za mikoko bila kitalu: zitashika?

Mkazi wa Mikindani

Assalaam aleikum. Kikundi chetu kinakusudia kurudisha mikoko katika kipande cha tope kilichobaki kitupu kando ya hori la Tudor, huku Mombasa, nyuma ya mtaa wetu. Fedha za vifuko na za mlinzi wa kitalu hatuna, ila mikoko iliyosalia imebeba mbegu tele. Je, tukiziokota na kuzichomeka moja kwa moja zitashika, au tutapoteza jasho letu?

Mvuvi Mstaafu

Waaleikum salaam, ndugu. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu inayoutegemeza kama nguzo, hauhitaji kitalu, kwa kuwa mbegu yake huota ingali mtini na huanguka ikiwa mche tayari. Chagueni zilizopevuka: mtaona pete ya manjano pale mche unapoungana na tunda, na ukiugusa huachia bila kuvutwa. Zenye tundu la mdudu zitupeni. Chomekeni ncha iliyochongoka kiasi cha theluthi moja ya urefu, mkiacha hatua moja kati ya mche na mche. Kaa watakula baadhi, kwa hiyo wekeni akiba ya kujazia mapengo.

Bi wa Jomvu

Aliyosema mzee ni kweli, lakini mimi ningeanza na swali jingine: kwa nini hapo pamebaki patupu ilhali mbegu zinaanguka jirani kila mwaka? Sisi tulichomeka magunia matatu ukingoni mwa maji, mahali palipochaguliwa kwa sababu palikuwa wazi na picha zingetoka vizuri, na baada ya bamvua chache, yaani yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hatukuona hata mche mmoja uliosimama. Kule Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mchanga na udongo uliofukia mizizi, na mikoko mingi ikafa. Mahali pa namna hiyo mbegu peke yake si dawa. Simikeni vijiti viwili vilivyotiwa alama, kimoja penye mikoko hai na kimoja penye utupu, kisha maji yakijaa mpime kina wakati mmoja. Vikitofautiana sana, tafuteni kwanza kinachozuia maji, pengine ni kifusi tu kilichoziba mkondo, na ukizibuliwa huenda bahari ikawaletea mbegu yenyewe.

Mwanafunzi wa Misitu

Naongeza mawili. Mikoko ni ya aina nyingi: mlilana hukaa mbele baharini na mkandaa nyuma zaidi, kwa hiyo msipande mkoko kila mahali kwa sababu tu mbegu zake ni rahisi kuokota. Mbegu ya mchu, aina nyingine tena, ni nyepesi na huchukuliwa na maji. Hiyo ilowekeni siku moja hadi ganda litoke, na hapo kitalu kidogo kina faida. Pili, mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, hivyo kabla ya kuokota au kupanda zungumzeni na ofisi ya Huduma ya Misitu, ambayo hufanya kazi na vyama vya jamii chini ya sheria ya misitu ya 2016.

Mkazi wa Mikindani

Ahsanteni sana. Upande wa juu kuna kifusi kilichomwagwa wakati nyumba zikijengwa, nasi hatukukifikiria kabisa. Bamvua ijayo tutakwenda na vijiti, magunia yatasubiri.