Mdomo umevimba miezi kadhaa baada ya kudungwa fila: chanzo chake ni nini?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Mwaka jana nilidungwa fila (jeli ya kujaza midomo) ya asidi ya hailuroniki, na uvimbe wa mwanzo uliisha wenyewe kabla ya wiki mbili. Nilikaa salama mpaka wiki hii, nikiwa ninapona mafua makali, nilipoamka na kukuta mdomo wa juu umevimba upande mmoja, umekaza na una joto kidogo, na nikiupapasa kwa ndani ninagusa vinundu vigumu. Sina homa wala usaha. Aliyenidunga anasema fila haiwezi kuleta shida baada ya muda wote huu, kwa hiyo lazima nimekula kitu kilichonidhuru. Je, ni kweli? Je, ninunue prednisoloni duka la dawa ili uvimbe ushuke?

Jibu la kwanza

Pole sana, dada. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya ngozi, na ninasikitika kwamba uliambiwa hivyo, kwa sababu uvimbe wa kuchelewa unajulikana vizuri na unaweza kutokea wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka baada ya kudungwa. Asidi ya hailuroniki ya fila hufungamanishwa kwa kemikali ili idumu, na kadiri mwili unavyoivunja hubaki vipande vifupi ambavyo, tofauti na minyororo mirefu ya asidi hii iliyomo mwilini kiasili, huuchokoza mfumo wa kinga. Kinga ikishaamshwa na mafua, hugeukia pia kile kitu kigeni kilichokuwa kimetulia mdomoni. Desemba 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipokuwa ikipitia majaribio ya chanjo ya Uviko-19 ya Moderna, ilieleza kuhusu washiriki 3 wenye fila waliovimba uso au midomo baada ya kuchanjwa, na mmoja wao alikuwa amedungwa fila miezi 6 hivi kabla yake. Wote walipona.

Prednisoloni usiinunue kiholela. Chanzo kingine cha vinundu kama vyako ni bakteria walioingia na sindano wakajijengea utando juu ya fila, wakakaa kimya kwa muda mrefu; dawa hiyo itashusha uvimbe huku ikiwaacha waendelee kuzaana.

Jibu la pili

Ninaongezea maswali ambayo daktari atakuuliza. Je, umesafishwa au kung'olewa jino hivi karibuni? Kazi ya meno huingiza bakteria kwenye damu. Je, unatumia dawa ya presha ya jamii ya enalapril au lisinopril? Dawa hizi zinaweza kuvimbisha midomo hata ya mtu ambaye hajawahi kudungwa chochote, ingawa vinundu ulivyovitaja vinaelekeza zaidi kwenye fila. La muhimu kuliko yote, una uhakika gani kwamba ulidungwa asidi ya hailuroniki? Wapo wanaodungwa silikoni ya maji bila kujua, na hiyo huweza kuleta vinundu baada ya miaka mingi, wala haina dawa ya kuiyeyusha.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Presha sina, lakini nilisafishwa meno kabla ya mafua kunishika. Jina la fila sikuonyeshwa.

Jibu la kwanza

Basi mdai aliyekudunga ile stika ya boksi yenye jina la bidhaa na namba ya toleo, kwa kuwa ni haki yako, kisha umwone daktari wa ngozi bila kuchelewa. Akihisi maambukizi, kwa kawaida ataanza na antibayotiki. Kimeng'enya cha hailuronidasi, kinachoyeyusha fila ya aina hii, hutumiwa kwa uangalifu kwa sababu kinaweza kusambaza maambukizi, na wapo wanaopata mzio kutokana nacho. Kwa sasa usiukande mdomo, usiviminye hivyo vinundu, na usikubali kuongezewa fila ili "kusawazisha". Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyo hiyo.