Naomba ushauri: kubadilisha spika za milangoni kwenye Toyota IST

Wanajamvi, habari zenu. Spika za mbele za Toyota IST yangu, zilizokuja na gari kutoka Japani, zimechanika na hukwaruza kila besi inapoongezeka, hivyo nakusudia kufunga nyingine za inchi 6.5 zenye ukinzani wa omu 4, huku redio ikibaki ileile. Fundi mmoja wa Kariakoo ananishawishi ninunue za wati nyingi, ingawa naamini namba kubwa inayochapishwa kwenye boksi ni ya kilele tu (nguvu ya muda mfupi sana), na redio isiyo na amplifaya ya nje (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti) haitaweza kuzisukuma ipasavyo. Je, nitafute zenye usikivu mkubwa (zinazotoa sauti kubwa kwa nguvu ndogo), kuanzia desibeli 90 hivi, au ninunue kwanza amplifaya ndogo? Ringi za kushikilia spika ziwe za plastiki au za mbao, ikizingatiwa kwamba maji ya mvua huingia ndani ya mlango? Nyaya za gari sitaki zikatwe.