Naomba ushauri: nimjibuje mwanafunzi aliyeuliza kwa nini Mwingereza hakummaliza von Lettow mapema?

Mwalimu wa Nyangao
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha tatu huku Lindi. Jana tukiwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, pale von Lettow, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku Afrika Mashariki, alipopigana na Mwingereza, kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, Mwingereza alikuwa na Wahindi, Makaburu, Wanigeria na KAR (jeshi lake la askari wa Afrika Mashariki). Von Lettow hakuwahi kufikisha hata askari 20,000. Sasa miaka minne ya nini?" Nikamjibu misitu na malaria. Akakaa, ila hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Jumatatu narudi darasani. Nimweleweshe vipi?

Hesabu Kwanza
Mwalimu, mpigie hesabu ya mpagazi ubaoni. Mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe, reli ikabaki mbali, mzigo ukapanda kichwani mwa mtu. Chukua mzigo wa kilo 25, na chakula cha mbebaji kilo 1 kwa siku. Kambi iko mwendo wa siku 10. Kwenda na kurudi amekula kilo 20, askari anapata 5. Isogeze kambi iwe siku 12, inabaki kilo 1. Siku 13, mzigo mzima haumtoshi hata mbebaji mwenyewe. Hapo waulize: tukipeleka askari wengine 1,000 mbele, tumesaidia? Waache wahangaike nayo kwenye madaftari.

Koplo Mstaafu
Nimetumikia jeshi miaka 22. Raia akisikia kikosi cha watu 1,000 hudhani wote wako handakini. Kuna mpishi, dereva, fundi, mgonjwa, aliye likizo. Na vita ikiwa ndefu, ili kikosi kimoja kikae mbele unahitaji kama vitatu: kimoja kipo, kimoja kimerudi kupumzika, kimoja kinajiandaa. Marekani yenyewe mwaka 2007, kule Iraq, ilirefusha zamu kutoka miezi 12 hadi 15 kwa kukosa wa kuwapokea wenzao.

Huku kwetu homa ndiyo iliyopanga zamu. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 na watu 1,135. Oktoba wazima walikuwa 116, na hawakuwa wamepigana sana. Wenzao wakarudishwa kwao kwa maelfu, KAR ikapanuliwa, Wanigeria wakaletwa.

Kilembwe wa Mpagazi
Babu yake baba alichukuliwa 1917. Baba anasimulia kwamba utosini, pale kata ilipokaa, nywele hazikuota tena mpaka anazikwa. Nakusihi mwalimu, ukimaliza hesabu ya kilo, waambie hao walikuwa watu. Kwa hesabu rasmi za Waingereza wapagazi waliokufa wanapita 40,000, na wengi hawakupigwa risasi: ni kuhara, homa na njaa. Kariakoo ya Dar imepata jina lake kwao. Na pale kwenye Sanamu ya Askari maandishi yanawaita miguu na mikono ya jeshi.

Mwalimu wa Nyangao
Nimesoma hiyo ya kata mara mbili. Asanteni sana. Na upande wa Mjerumani je?

Hesabu Kwanza
Kwake inaonekana wazi zaidi, tena hapo hapo kwenu. Oktoba 1917, Mahiwa, alimtia Mwingereza hasara kubwa, lakini risasi zikamwishia. Mwezi uliofuata, kabla ya kuvuka Ruvuma, akawaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, akaondoka na askari kama 2,000. Zaidi ya hao asingeweza kuwapa risasi wala kwinini.

Mwalimu wa Nyangao
Kumbe alijipunguza mwenyewe! Nimepata pa kuanzia. Stoo ya shule kuna mahindi. Jumatatu napima kilo 25, nampa yule kijana abebe kichwani mpaka barabara ya Mahiwa, tukipokezana.