Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba shirika unalolichangia linafanya kile unachokiamini?

Mleta mada, Morogoro

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miaka minne nilikuwa nikituma shilingi 30,000 kila mwisho wa mwezi kwa kituo kimoja cha kulea watoto, ambacho sitakitaja. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi baada ya mama kufariki, na niliona kumsaidia mtoto aliyefiwa ni deni langu. Bango la kituo linasema "yatima", nami nililisadiki.

Mwaka juzi nilikitembelea nikiwa na sabuni na madaftari. Nilikuta mazingira safi, chakula cha kutosha na walezi wapole. Binti wa miaka kama saba alikuwa akinisaidia kupanga madaftari, na nilipomwuliza ni nani aliyemsuka vizuri namna ile, akajibu kwamba ni mama, alikuja Jumapili. Nilidhani anamwita mlezi mama. Mlezi ndiye aliyenieleza, bila kusita, kwamba mama mzazi wa mtoto yule yupo, anauza mchicha katika mji uleule, na kwamba alimleta pale aliposhindwa kumudu sare na chakula. Tena zaidi ya nusu ya watoto wa kituo wana mzazi aliye hai.

Sikulala vizuri usiku ule. Naamini mtoto ni wa ukoo wake kwanza, na kumbe fedha yangu ilikuwa inamweka mbali na mama ambaye alichokosa ni sare na unga. Baadaye nilisoma Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unaosema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake. Niliandika kuuliza kama mchango wangu unaweza kumfikia mama yule, nikajibiwa kwamba wafadhili wanachangia kituo, si familia. Nimesimamisha, lakini moyo haujatulia, kwa sababu binti bado anakula pale.

Naomba wenzangu mnieleze mlivyofanya, na jambo gani lilikuonyesha kwamba kazi ya shirika inaendana au haiendani na imani yako.

Mchangiaji, Kisumu

Pole, dada. Naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Mimi nimekulia kituoni, na ukoo unaoutaja ndio uliogawana shamba la baba kabla ya matanga kwisha, kisha ukatufukuza mimi na mdogo wangu. Kama mtu angeamua kwa niaba yangu kwamba mtoto ni wa ukoo wake, ningerudishwa kwa watu wale wale.

Hata hivyo nakubali kwamba vituo vimekuwa biashara kwa baadhi ya watu. Hapa Kenya serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na sasa upo mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya familia. Kwa hiyo kabla sijatoa hata shilingi moja huuliza hivi: mwaka jana watoto wangapi walirudi nyumbani, na nani huenda kuwatazama baada ya kurudi? Kituo kinachomlea mtoto huku kikimtafutia njia ya kurudi kwa watu wake kina jibu tayari. Kile kinachomhifadhi ili mfadhili aendelee kuja huanza kunionyesha mabweni mapya.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum. Kwangu mimi swali hili huanza na aina ya fedha ninayotoa. Zaka ina makundi manane ya watu wanaostahiki kuipokea, yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi wanashikilia kwamba fukara aimiliki mwenyewe mkononi. Sadaka ya kawaida ina uwanja mpana zaidi. Nilipouliza jumuiya moja kama zaka zetu zinawekwa kando, nilijibiwa kwamba zote huingia mfuko mmoja na kwamba mwaka ule mfuko huo ulichimba kisima. Kisima ni kheri kubwa, nami sina ubaya na waliokichimba, ila zaka yangu haikufika ilikotakiwa kufika. Tangu hapo zaka naitoa mwenyewe kwa jirani ninayemjua, na sadaka ndiyo ninayoipeleka kwenye jumuiya.

Lipo na jambo la pili ambalo limenikaa moyoni. Mwezi wa Ramadhani mmoja nilishuhudia mjane, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, akielekezwa mara tatu ainue mfuko wa mchele juu zaidi ili jina la mtoaji lionekane kwenye picha. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Aya ya 264 ya Sura Al-Baqara inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochangia mchele ule. Siku hizi hutazama picha za shirika kabla ya hesabu zake.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nitatoa mfano mwema. Hospitali ya CCBRT hapa jijini hutibu fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo, bila malipo, lakini wanawake wengi walikuwa hawafiki kwa kukosa nauli. Wakaweka mabalozi vijijini wa kuwatambua wagonjwa, na nauli ikawa inatumwa kwa M-Pesa. Nilipoelezwa utaratibu huo niliridhika, kwa sababu nimemuuguza shangazi na najua ilivyo kuombaomba nauli kwa ndugu huku wakikuuliza unaumwa nini. Kuhusu hesabu, sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inayataka yaandae taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo usione haya kuziomba.

Mchangiaji, Bukoba

Mimi ni Mkatoliki, na shirika tulilokuwa tukilichangia kwa ajili ya maji lilianza pia kutoa huduma za uzazi wa mpango ambazo dhamiri yangu hainiruhusu kuzigharimia. Niliomba mchango wangu uwekwe kwenye maji pekee, wakakubali, lakini niliona wazi kwamba fedha yangu ikilipa bomba, fedha nyingine inakuwa huru kulipa kile nilichokikataa. Mke wangu ni muuguzi, ameona akina mama wakifariki katika uzazi wa saba na wa nane, naye hakubaliani nami hata kidogo. Tulizungumza usiku mwingi. Sasa mimi nachangia zahanati ya jimbo, yeye ameendelea na shirika lile, na kila mmoja hutuma kwa simu yake.

Mleta mada, Morogoro

Ahsanteni sana. Kaka wa Kisumu, nimelitumia swali lako: nilipiga simu kituoni nikauliza ni wangapi waliorudi nyumbani mwaka jana. Mlezi alinyamaza kidogo, akasema hakuna mfadhili aliyewahi kuwauliza hivyo, na kwamba watahesabu kisha wanijibu. Leo ni siku ya tisa. Shilingi 30,000 za mwezi huu bado ziko kwenye simu yangu, nami sitaki kumwendea mama yule sokoni kama mgeni mwenye pesa anayetaka kumpangia maisha. Aliyewahi kupitia kwa afisa ustawi wa jamii kumsaidia mzazi wa namna hii, naomba anieleze alianzaje.