Wikendi moja yatosha kutoka Mombasa hadi Kigali kumpeleka bibi BAL, ligi ya basketi ya klabu za Afrika?

Baba Salma
Asalaam aleikum wadau, na hamjambo wote. Nina swali na naomba mnijibu kwa urefu manake hii hela nimeikusanya pole pole tangu Ramadhani ya mwaka jana, sitaki kuitupa baharini.

Mimi na mke wangu tulijuana Makande, pale ukumbi wa basketi hapa Mombasa. Yeye alikuwa akichezea timu ya chuo, mimi nilikuwa nikitoka kazini napitia pale jioni kuwaangalia KPA, timu ya mamlaka ya bandari, na mpaka leo miaka 9 ya ndoa basketi ndo kitu pekee twaweza kukaa kitako tukaangalia mwanzo mwisho bila mtu kushika simu. Sasa mwaka huu wa 2025 Nairobi City Thunder wameingia BAL, klabu ya kwanza ya Kenya tangu ligi ianze 2021, na kundi lao la Nile lachezewa Kigali pale BK Arena, tarehe 17 hadi 25 Mei. Siku ile habari ilipotoka bibi aliniambia tu "siku moja ningependa kukaa mule ndani," kisha akaendelea kukuna nazi yake. Yeye ashasahau nafikiri. Mimi lile neno halijanitoka.

Tatizo ni muda. Yeye ni mwalimu wa nasari na shule zishafunguliwa, kwa hivyo tuna Ijumaa kuanzia saa tisa mchana mpaka Jumapili, basi. Watoto nitawapeleka kwa nyanya yao Likoni. Nataka kujua wikendi ipi ni bora, ya kwanza au ya mwisho, ama tungoje mchujo na fainali Pretoria mwezi wa sita? Na njia ipi haitatuchosha wala kutumaliza mfuko? Na nimwambie mapema ama nimshtukize tu siku ya safari?

Shabiki wa Tudor
Waaleikum salaam kaka. Pretoria wacha. Viza hatulipi Afrika Kusini siku hizi, hilo kweli, lakini kutoka hapa mpaka kule na kurudi ushamaliza hiyo wikendi njiani, na nani amekuhakikishia Thunder watafika? Nenda Kigali ambako unajua utawaona.

Angalia hesabu yenyewe. Kundi ni timu nne, APR wenyeji, Al Ahli Tripoli wa Libya, MBB wa Afrika Kusini na sisi, kila mmoja acheza na mwenzake mara mbili, na siku ya mechi huwa na mechi mbili. Maana yake kila siku ya mechi timu zote nne ziko uwanjani, hakuna siku utaingia ukakosa Thunder. Ukienda Jumamosi na Jumapili umewaona mara mbili na umewaona wengine wote.

Wikendi ya kwanza ina shamrashamra za ufunguzi, sikatai. Lakini mimi ningechukua ya mwisho, 24 na 25. Wawili wa juu kila kundi waenda Pretoria moja kwa moja, halafu wale wa tatu walio bora wawili nao wafuata, kwa hivyo mpaka mechi za mwisho kuna mtu anahesabu pointi za kufunga na kufungwa. Hapo ndo utaona mtu akijitupa sakafuni kwa mpira ambao mechi ya kwanza angeuacha utoke. Bibi alicheza mwenyewe, hiyo ataielewa kuliko fataki.

Na uwanja wenyewe una historia na sisi, Morans, timu yetu ya taifa, walicheza humo humo AfroBasket 2021, mara ya kwanza kurudi tangu 1993. Mimi nilikuwa nyumbani Tudor kwa tivii nikilia. Ningekuwa na hela yako ningekuwa nishafunga mkoba.

Kijana wa Miritini
Njia ni hii. Ijumaa mpande treni ya saa nne usiku, ya kawaida ni 1,500 kwa mtu, daraja la kwanza 4,500. Alfajiri mko stesheni ya Syokimau, na kutoka hapo JKIA ni karibu tu kwa teksi, hamna haja ya kuingia mjini kabisa. Mchukue ndege ya asubuhi, kama saa moja na nusu hewani mko Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali. BK Arena iko Remera, katikati ya uwanja wa ndege na mji, kwa hivyo tafuta chumba Remera au Kimironko mtatembea kwa miguu mpaka getini.

Basi sikushauri, Nairobi Kigali kupitia Uganda ni siku nzima na zaidi, hiyo ni ya mtu ana wiki mbili.

Kitambulisho cha taifa chatosha kuingia Rwanda, lakini kama mna pasi bebeni, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia. Mifuko ya plastiki msifunge kitu nayo, wenzetu waliipiga marufuku tangu 2008. Na sweta jamani. Kule ni milima, usiku wa Mei mtu wa pwani atetemeka.

Mama Fahim
Shemeji, nimesoma nikaona niingie manake sisi tulienda 2023, fainali ile Al Ahly ya Misri waliwafunga AS Douanes wa Senegal. Uwanja ulijaa, watu kama elfu kumi chini ya paa moja, ngoma haziachi, nilihisi kifua chatetema. Sijajuta hata shilingi moja.

Lakini nikwambie ukweli, mimi na Baba Fahim tulinuniana siku nzima ya kwanza. Alikuwa amepanga kila kitu peke yake, nami nimefika nimechoka, sina nguo ya baridi, sijui hata twalala wapi, na yeye ashika ratiba kama mwalimu wa zamu. Na ile kampuni ya ndege tuliyopanda ilitusogezea safari masaa sita bila kutuambia, tukakosa mechi ya kwanza. Kwa hivyo jibu langu la kwanza, MWAMBIE. Neno alilolisema akikuna nazi mrudishie sasa, umwambie nilikusikia. Huo ndo mshtuko wenyewe, na atapata wiki kadhaa za kuingoja safari, ambayo nayo ni raha.

La pili, hiyo treni ya usiku Kijana wa Miritini kwako wewe ni sawa, mwanamke amefundisha watoto wadogo wiki nzima kisha alale ameketi? Kama hela yaruhusu pandeni ndege Ijumaa jioni kutoka hapa Moi, mlale Nairobi.

La tatu, saa. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, mechi ikiandikwa saa moja usiku ya kule kwetu ni saa mbili. Tulimwona mtu amefika saa nzima kabla ya geti kufunguliwa, afadhali huyo, mbaya ni kurudi, ukifika Nairobi na saa yako bado ni ya Kigali, ndege ya Mombasa imeenda.

Jumamosi mkishafika msipange kitu kingine kabla ya mechi. Nendeni Nyamirambo, ndo mtaa wa Waislamu wengi, misikiti ipo, Kiswahili chasikika kila kona na chakula cha halali hamtasumbuka, mishkaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma mpaka mshibe. Pikipiki zao hubeba abiria mmoja tu na kofia lazima, hakuna kubebana mshikaki kama Kongowea, kwa hivyo mtachukua mbili mbili. Tulikuwa twapungiana mikono barabarani kama watoto. Na 24 si Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa hivyo hamtakutana na umuganda, ile asubuhi nchi nzima yafanya usafi na maduka yafungwa.

Na Jumatatu amwombe mwalimu mkuu ruhusa. Mkikimbilia ndege Jumapili usiku mtatoka robo ya nne mechi ikiwa imekolea, na hiyo itawauma mwaka mzima.

Baba Salma
Nimerudi. Mama Fahim nimefanya ulivosema, jana baada ya isha nimemwambia. Alinyamaza sana nikadhani nimekosea, kisha akauliza "kumbe ulinisikia?" na akaenda ndani kutafuta jezi yake ya chuo, haimtoshi tena lakini asema ataibeba.

Wikendi ya mwisho amekubali, yeye mwenyewe alisema kabla sijamaliza kueleza. Ruhusa ya Jumatatu ameomba leo na amepewa. Ila treni amekataa kuiacha, daraja la kwanza, asema tangu ndoa hatujawahi kukaa pamoja masaa matano bila mtoto katikati na hataki kuyalala. Kwa hivyo ni treni.

Shabiki wa Tudor, tiketi za viti vya pembeni ama nyuma ya goli, wapi aliyecheza ataona vizuri?

Shabiki wa Tudor
Pembeni, usawa wa katikati, na msikae chini kabisa. Mpandie juu kidogo aone wanavyojipanga. Mwambie Tudor tunamwangalia kwa tivii, aipunge hiyo jezi.