Gemu ya mezani uicheze kiasi gani ndo uwe na haki ya kuiponda?

KoroshoGhafi (Mtwara)

Wakuu za jioni. Swali langu ni kwa wale wa michezo ya mezani, sio gemu za simu, nazungumzia hizi za maboksi zenye kadi, dadu na vigae. Hapa Shangani tuna kikundi chetu, wikiendi tunakutana barazani kwa mshkaji mmoja, tulizonazo ni Catan, Carcassonne, Ticket to Ride na Monopoly moja kuukuu ambayo hata noti zake hazijatimia. Sasa nimeanza kuandika maoni yangu kuhusu kila gemu nayatupia kwenye grupu la WhatsApp, baadae nikijaliwa nataka nifanye na video maana za Kiswahili unazitafuta kwa tochi.

Shida imeanza juzi nilipoipa Catan sita kwa kumi, nikaandika ni nzuri ila dadu zina mamlaka makubwa mno, maana unajenga penye namba na unapata mali pale dadu zikiitoa hiyo namba. Watu wakanijia juu, eti nimeicheza mara chache tena kote nimefungwa kwa hiyo naongea kwa hasira. Mimi msimamo wangu ni kwamba mgeni wa gemu anaona vitu ambavyo mzoefu hawezi tena kuviona, sheria ipi haieleweki, saa ngapi watu wanaanza kushika simu zao. Chukua Carcassonne, ile ya kupanga vigae vya ramani, wale wakulima, yaani vile vijitu unavyovilaza shambani, wanakaa hapohapo hadi gemu iishe ndo wahesabiwe, kila mgeni anakwama pale, ila wazoefu wetu wakielezea wanapita juujuu kama vile kila mtu kazaliwa anajua.

Kwa hiyo swali, mtu acheze kiasi gani ndo atoe hukumu? Na hizi maksi za kumi zina maana au tunajifurahisha tu? Nawasilisha.

FundiNamua

Mie hizo za boksi siziwezi, nimepita nikaona mada tamu. Nikupe mfano wa bao letu la kete, mashimo 32 kete 64. Kuna vijana wanaanzishiwa bao la kujifunza, kete mbilimbili kila shimo, wakishajua kutembeza na kula basi wanasema aah bao nalijua, ni hesabu tu hilo. Haya mweke huyohuyo kwenye bao lenyewe, nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, ina kete sita, mashimo mawili ya pembeni mbilimbili, 22 ziko mkononi anaingiza mojamoja, hatua hiyo ya mwanzo ndo tunaita namua. Utamwonea huruma. Nyumba anaivunja mapema, kete zinasambaa hazimsaidii kitu, mara kafungwa mkononi, yaani na kete za kuingiza kazikamata bado. Sasa huyo ukimwambia aandike maoni ya bao ataandika nini?

Mie nasema gemu yenye kubadilika njiani subiri uifikie huko inakobadilika. Zile ambazo ukicheza mara moja umeshaziona zote andika hata usiku uleule, sioni dhambi. Ila usiandike siku uliyofungwa kijana, lala kwanza.

Dada_wa_Chuno

Mzee wangu FundiNamua shikamoo, kwa heshima zote napingana na wewe kidogo. Aandike hata kama kacheza mara moja, mradi aseme ni mara moja. Kinachoniudhi mimi ni mtu anasema "gemu mbovu" halafu hasemi walikuwa wangapi, nani aliwaelekeza na walicheza kwa sheria zipi. Catan boksi la kawaida ni la watu watatu au wanne, tatu nafasi ipo unajenga kwa raha, nne mnabanana mnazibiana barabara, ni kama gemu mbili. Carcassonne watu wawili ni ugomvi mtupu na mimi ndo naipenda hivyo, mkiwa watano unasubiri zamu yako mpaka chai inapoa.

Na Monopoly ndo inaonewa kuliko zote. Kitabu chake kinasema mtu akitua kwenye kiwanja ambacho hakina mwenyewe na hataki kukinunua, kinapigwa mnada palepale na kila mtu anaruhusiwa kupanda dau hadi huyo aliyekikataa. Niambieni ni nyumba ngapi mmeona wanafanya hivyo? Watu wanapita tu, halafu wanaweka na hela za faini pale kona ya maegesho ya bure mtu akitua anazoa zote, kitu ambacho kwenye sheria hakipo, hela zinajaa mezani hakuna anayefilisika mnakesha. Kisha mtu anaandika gemu ndefu inachosha! Na sisi watu wa kusini wa kuruka mnada kweli? Msimu wa korosho hatulali kwa ajili ya minada.

Kuhusu maksi, wale BoardGameGeek, tovuti ya michezo ya mezani, tangu 2000 wanatumia 1 mpaka 10 lakini kila namba ina maelezo yake, na maelezo yenyewe yanahusu hamu yako ya kucheza tena, sio mwalimu anasahihisha mtihani. Kumi maana yake muda wowote ukiniita nakuja, sita maana yake nacheza nikiwa na mudi. Kwa hiyo KoroshoGhafi sita yako sio tusi, wenzio wameisoma kama ripoti ya shule.

Mkali_wa_Mikindani

Mi nina swali moja tu kabla hatujalaumu dadu, ulijenga wapi?? Dadu mbili zina njia 36 za kudondoka, saba inatoka kwa njia sita, 6 na 8 kwa njia tano kila moja, 2 na 12 njia mojamoja. Mtu unaenda kujenga kwenye 12 kwa sababu pana ngano halafu unalia dadu. Na Catan ni mdomo ndugu, kama hubembelezi watu wakupe tofali uwape kondoo utakaa na kadi zako mkononi, dadu zikitoa saba na una kadi zaidi ya saba unatupa nusu. Wapole wengi wanafungwa kwa ukimya wao.

Ila wachambuzi wa nje kuna kitu hawakigusi kabisa ndo ningependa usome kwako, hali ya hewa. Huku pwani kadi za karatasi laini zinajikunja zenyewe, ukiweka pakiti mezani inayumba haikai. Ukiwasha feni vigae vinabaki ila kadi zinahama. Zangu za Ticket to Ride nimezivalisha mifuko ya plastiki moja moja, hasa baada ya jamaa kula pweza wa kukaanga na kushika kadi bila kunawa, zile kadi za mabehewa ya njano mpaka leo unazijua kwa harufu kabla hujaziona, sasa hiyo si wizi huo.

KoroshoGhafi (Mtwara)

Hahaha pweza tena. Shikamoo mzee FundiNamua. Dada wa Chuno hiyo ya mnada nimeenda kukagua kitabu muda huu, kweli ipo, wikiendi tunaicheza hivyohivyo tuone. Kwa Catan sita inabaki, ila nitaandika tulikuwa watatu na nacheza nikiwa na mudi. Mkali, nilijenga kwenye 6 na 5 kwa taarifa yako.

Nyingine, Pandemic kuna mwenye nayo? Nasikia wote mnacheza upande mmoja dhidi ya magonjwa, nataka niijaribu kabla sijasema kitu.

Mlindi_halisi

Ipo Lindi, ninayo. Angalizo, kwa kuwa mnashirikiana akitokea mmoja mwenye kimbelembele anawachezea wote, "wewe nenda huku, wewe tibu pale," wengine mnabaki kusogeza vipande tu. Sheria inasema kila mtu anaamua zamu yake mwenyewe, wengine ni ushauri tu. Sisi tulimwambia wetu akae kimya mpaka aulizwe, ikanoga. Wachezaji wawili hadi wanne, kwa hiyo msije mnyororo. Boksi siazimishi, njooni mchezee hapa kwangu, Jumapili baada ya saa kumi nipo.